Jina la Mtoto wa Kitanda cha Saba

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo sina sungura wala fisi. Nina watu watatu wa hospitali moja kule nyanda za juu kusini, na hofu iliyowashika Jumanne moja asubuhi. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza swali, na anayesinzia ndiye nitakayeanza naye.

Wa kwanza ni Tumpale, mwenye kipaji cha kuchora. Kabla mfumo wa kompyuta haujajengwa, yeye ndiye aliyechora kipi ni sehemu ya kipi. Wa pili ni Ambakisye, mfamasia asiyetupa kitu hata karatasi ya biskuti. Wa tatu ni Sista Sekela wa wodi ya watoto njiti, ambaye akimwangalia mtoto mara moja hamsahau tena.

Sasa jueni jambo moja la kazi ya Tumpale. Kitu kikiwa sehemu ya kingine, huviunganisha kwa mstari wenye almasi ndogo. Almasi ikijazwa wino, kitu kizima kikifa na sehemu zake zinakufa, kama nyumba na vyumba vyake. Almasi ikiachwa tupu, sehemu ina maisha yake, kama nyumba na wapangaji: nyumba ikibomolewa, wapangaji wanahama.

Wagonjwa wa wodi nyingine zote aliwapa almasi tupu. Ila alipofika kwa watoto njiti, aliona wamezaliwa humo, hawana majina, na hawajawahi kukaa kwingine. Akawajazia wino, kama vitanda. Ulikuwa mchoro wa mwaka uliopita, na alikwisha kuusahau.

Jumanne hiyo watoto kumi na mmoja walihamishiwa jengo jipya. Saa tatu asubuhi Tumpale akaketi kwenye kompyuta aifute wodi ya zamani. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, na maandishi yakatokea: Wodi 1 imefutwa. Vitanda 11 vimefutwa. Wagonjwa 11 wamefutwa.

Tumpale akasoma tena, polepole, akitumaini amekosea kusoma. Nakala ya akiba ilikuwepo mkoani, lakini kuirudisha kungechukua hadi jioni, na mafaili ya karatasi yalikwisha kuachwa tangu mwezi wa pili. Akakimbia hadi jengo jipya.

Alimkuta Sekela ameinama juu ya mtoto aliyeanza kuwa na midomo ya bluu.

"Dada Tumpale, kompyuta yako inasema sina mgonjwa hata mmoja," Sekela alisema bila kuinua kichwa. "Huyu anasahau kupumua. Dawa ipo, lakini sijui kama wenzangu wa zamu iliyopita walimpa. Kama hajapata, anakufa. Kama amepata nikamwongezea, moyo unasimama. Niambie nifanye lipi."

Tumpale aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Mtoto yule alikuwa mdogo kama mkate wa boflo, na Tumpale ndiye aliyemfuta.

"Namba yake ya mgonjwa ni ngapi?" akauliza.

"Namba zote zilikuwa kwenye kompyuta. Na vikono vidogo hivi havishiki utepe wa namba, unachomoka."

Watoto wote kumi na mmoja walikuwa wamevikwa vitambaa vya aina moja, katika vitanda vipya visivyo na namba. Sekela akamtazama yule wa midomo ya bluu. "Huyu ni wa mama anayeitwa Subilaga. Kule alilala kitanda cha saba, karibu na dirisha. Nina hakika."

Tumpale akafungua kompyuta ya wodi. Akakosea neno la siri mara mbili. Alikumbuka kwamba mfumo, kila unapofuta kitu, huacha mstari mmoja kwenye daftari lake la ndani ambalo hakuna anayelisoma. Akaisoma mistari hiyo mmoja mmoja, hadi akaupata: kitanda 7, mgonjwa 4418.

Akapiga simu famasi. Mwaka uliopita Ambakisye alikuwa amegombana naye, akikataa kumbukumbu zake za dawa ziwe sehemu ya wodi yoyote; alizitunza mwenyewe, kwa namba za wagonjwa. Tumpale alimwita mkaidi wakati ule. Sasa aliomba kimoyomoyo ukaidi ule uwe haujapungua.

"Elfu nne mia nne kumi na nane," Ambakisye alisoma. "Dozi ya saa kumi na mbili asubuhi niliiandaa. Haikuchukuliwa. Ipo hapa mbele yangu."

"Ilete mbio, kaka."

Sindano ikaingia. Wote watatu wakasimama wakikitazama kifua kile kidogo. Kilitulia kwa muda ambao Tumpale hataki kuukumbuka, kisha kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Kwa njia hiyohiyo wakawapata na wale kumi waliobaki kabla ya saa tano.

Jioni Subilaga, mama aliyejifungua kwa upasuaji, aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na fomu ya cheti cha kuzaliwa mapajani. "Nataka binti yangu awe somo wa aliyemwokoa," alisema. "Nafasi ni ya jina moja tu. Nimwite nani?"

"Mwite Sekela," Ambakisye alisema. "Bila yeye tungemdunga dozi ya mtoto mwingine."

"Dawa ilikuwa kwako, kaka," Sekela alijibu. "Mimi ningebaki nimemshika tu. Na bila Tumpale ile namba tungeitoa wapi?"

Hapo Tumpale akashindwa kunyamaza. "Mama, niliyemfuta ni mimi. Nilimchora vibaya tangu mwanzo."

Subilaga akamwangalia mtoto, kisha akaandika.

Alichoandika sikisemi. Tumpale angejificha kwa kunyamaza, na hakunyamaza. Macho ya Sekela, mstari wa Tumpale, akiba ya Ambakisye: toa kimoja tu, na mtoto hayupo. Haya, wewe unayejifanya husikii: kalamu ingekuwa mkononi mwako, binti huyu angeitwa nani?