Duara la Siafu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelegea? Anayesinzia leo atapitiwa na siafu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, bondeni, paliishi siafu wengi ajabu. Walikuwa vipofu. Lakini walikuwa na desturi: kila apitaye huacha harufu chini, na wa nyuma huifuata. Kunusa ndiko kulikokuwa kukumbuka kwao. Na atokaye mstarini hung'atwa na askari.

Siku moja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Maji yakaingia shimoni mwao.

"Bebeni watoto! Twendeni kilimani!" askari wakapiga kelele.

Siafu mmoja, Kidawa, akabeba mtoto mdomoni, mweupe, laini. Mbele yake alikuwa dada yake, Mashavu, naye kabeba wake. Msiniulize walisemaje na midomo imejaa. Hii ni hadithi.

Njiani alikuwapo Chura, mwenye njaa. Aliijua desturi yao. Akaburuta tumbo lake juu ya njia, harufu ikafutika. Waliotangulia wakatapatapa, wakapinda, wakapinda tena, wakakuta mwisho wa mstari wao wenyewe. "Aa, njia hii hapa!" Wakaifuata. Mstari ukawa duara, na Chura kakaa katikati.

Wakazunguka. Ulimi wa Chura, nyaku! Mmoja hayupo.

"Dada Mashavu, mbona hatupandi?"

"Nyamaza, mdogo wangu. Njia inanukia. Waliopita hapa ni wengi."

Wakazunguka. Nyaku!

"Dada, maji yananigusa miguu!"

"Nyamaza. Njia inanukia kuliko mwanzo."

Wakazunguka. Nyaku! Kidawa akainama, akanusa vizuri. Ilikuwa harufu yake mwenyewe, na ya mtoto aliyembeba.

"Dada! Hapa tumeshapita! Harufu inazidi kwa sababu ni sisi tunaozunguka!"

"Walio mbele wanajua."

"Walio mbele ni akina nani?"

Mashavu akakaza mwendo. Nao waliokuwa mbele yake walikuwa wakisema vilevile: walio mbele wanajua.

"Endeleeni jamani, mmekaribia!" Chura akawatia moyo, huku anatafuna.

Maji yakamfikia mtoto. Kidawa akawaza: maji yanatoka juu, basi kilima kiko yanakotoka. Akatoka mstarini. Askari akamng'ata, mguu ukakatika. Akaenda hivyohivyo, akichechemea.

Na wa nyuma yake? Akamfuata, kama desturi. Na wa nyuma ya huyo. Wakamkuta Chura njiani, wakampanda, wakamng'ata tumbo, macho, ulimi. Chura akajitupa majini akilia.

Wengine wakafika njia panda, pale Kidawa alipotoka mstarini, wakasita, wakashika njia ya zamani. Mwisho akaja Mashavu.

"Dada, huku! Dada yangu, huku!" Kidawa akaita kutoka juu.

Mashavu akanusa. Njia mpya ilinukia kidogo. Ile ya zamani ilinukia sana.

"Huku ndiko walikopita wengi," akasema, akaendelea kuzunguka na mtoto wake. Maji yakapanda.

Kidawa alikaa kilimani akiita mpaka sauti ikamkauka.

Basi wanangu, wingi wa waliopita hauonyeshi njia inafika wapi. Ukisikia kila mtu anasema walio mbele wanajua, uliza ni akina nani, na uulize mapema.

Hadithi yangu imetua hapo. Ikiwa imewanogea, gawaneni. Ikiwa haikunoga, niachieni mwenyewe.