Digidigi Anyamaza Nyuma ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mnaitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Na nyinyi watu wazima mlio kule nyuma, acheni kunong'ona, hii inawahusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakicheza raga, kiangazi kilikaza. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Likabaki dimbwi moja tu, na dimbwi hilo fisi wamelikalia.

Ngiri akaenda kuomba, Punda Milia na Digidigi wakimfuata. Fisi Mkuu akacheka, hii-hii-hiii! "Maji hayaombwi, yanachezewa. Tucheze raga. Wa kwanza kufunga mara mbili ameshinda. Mkishinda nyinyi, kunyweni mpaka matumbo yaume. Tukishinda sisi, mtatuachia mmoja wenu. Tutamchagua wenyewe."

Alisema hivyo akimtazama Digidigi. Kila mtu alimwona akimtazama. Digidigi, swala mdogo kuliko swala wote, miguu kama vijiti vya kuni, akajibanza nyuma ya Ngiri. Lakini kiu ni kiu. Siku ya tatu hajanywa. Wakakubali.

Mpira wao ulikuwa kibuyu kikavu. Ukivuka nacho mstari wa wapinzani ukakibandika chini, umefunga. Na raga, wanangu, ina sheria ya ajabu. Unakimbia mbele, lakini kibuyu hukirushi mbele. Unakirusha nyuma, kwa mwenzako usiyemwona. Kwa hiyo aliye nyuma lazima apaze sauti: "Nipo!" Asiposema, utamjuaje?

Mchezo ukaanza. Vumbi, tifu! Ngiri kashika kibuyu, mbio, mbio, mbio. Punda Milia yuko pembeni. Digidigi yuko nyuma, hatua tatu tu. Fisi wawili wakamvaa Ngiri, puu, chini! Ngiri akaita, "Nani yupo? Nani yupo nyuma?"

Digidigi alikuwepo. Akafungua kinywa. Mara akamwona Fisi Mkuu anageuza kichwa, anatafuta, udenda unamchuruzika. Nikisema atajua nilipo, akawaza. Si walisema wahenga, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio? Akanyamaza ji.

Ngiri akarusha hivyo hivyo, kwa kubahatisha. Kibuyu kikaangukia patupu. Fisi wakakizoa, hao! Wakafunga.

Ngiri akainuka, sikio limechanika, damu inamtoka. "Digidigi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... nilikuwa mbali kidogo."

"Mbali?" Punda Milia akang'aka. "Nimekuona kwa macho yangu! Ungenyoosha shingo ungemgusa mkia!"

Digidigi akaangua kilio. "Niliogopa. Ningesema, wangenila."

"Na hapa nani haogopi? Hebu tazama magoti yangu haya."

Kweli, magoti ya Punda Milia yalikuwa yanagongana, ko, ko, ko. Ngiri yeye alijifuta damu tu. Hilo ndilo lililomuuma Digidigi zaidi.

Wakarudi uwanjani. Punda Milia akachomoka, akapenya, akafunga. Wakawa sawa. Sasa limebaki bao moja tu, la maji au la kifo.

Ngiri akashika kibuyu tena. Mbio, mbio, mbio. Karibu na mstari, puu! Fisi watatu juu yake. "Nani yupo?"

Fisi Mkuu akageuza kichwa vile vile. Moyo wa Digidigi, du! du! du! Miguu inataka kukimbilia porini. Akafumba macho, akapiga ukelele: "Nipo! Nipo hapa, Ngiri!"

Sauti nyembamba, lakini uwanja mzima waliisikia. Na fisi nao waliisikia. Kibuyu kikaja, akakidaka. Hatua moja. Hatua ya pili. Puu! Fisi Mkuu kamlalia. Harufu ya mizoga. Pumzi ya moto shingoni. Jino limegusa ngozi. Haoni mbele, haoni nyuma, vumbi tupu.

"Nani yupo?" akalia. "Jamani, nani yupo?"

Kimya.

Lo! Kimya kile! Kilikuwa kifupi, hata kope hujapiga mara mbili, lakini Digidigi alikiona kirefu kuliko kiangazi chote. Ndipo alipojua Ngiri alilala vipi pale chini, anaita, anaita, na mwenzake kasimama hatua tatu kafunga mdomo.

"Nipo!" Punda Milia huyo, anahema. "Nipo kushoto!"

Digidigi akarusha bila kuona. Punda Milia akadaka, akavuka mstari, akakibandika kibuyu chini, ti!

Ahadi ni deni, hata kwa fisi. Waliondoka mikia wameibana, wanatukana. Wanyama wakalivamia dimbwi. Digidigi hakunywa. Shingo bado inamwuma. Akamwendea Ngiri.

"Nisamehe. Sikujua."

Ngiri akainua kichwa kutoka majini. "Kule chini kunatisha, sivyo?"

"Kunatisha sana."

"Haya, njoo unywe," akasema Ngiri, akamsogezea nafasi.

Basi, wanangu, nanyi mnaofanya kazi na wenzenu: woga si aibu, kila mtu anao wake. Lakini mwenzako akiwa chini anakuita, nawe upo, sema upo. Aliyepo akanyamaza hana tofauti na asiyekuwepo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.