Korongo Aliyepiga Hodi Mtoni

Gulugulu! Gulugulu!

– Ni nini hicho?

Ni ngano inashuka na mto!

– Na ishuke, tuiteke!

Zamani za zamani, wanyama walipokuwa wakigawana mto mmoja, Mama Chura alisikia mlio huo usiku wa manane. Gulugulu, gulugulu, kutoka kule juu kwa Fisi. Alikuwa mama mchanga, uzazi wa kwanza, na viluwiluwi wake arobaini walikuwa wamelala dimbwini, pale chini mto unapotulia.

Kulipokucha maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, yananuka ngozi mbichi. Viluwiluwi watatu hawakutikisa mikia tena.

"Konokono, jirani yangu, njoo uone, wanangu, watatu wamekwenda, na usiku nimesikia, gulugulu, kwa Fisi, si ni kwa Fisi kule?"

"Shh! Jina hilo litaje polepole," Konokono akasema, nusu ameshaingia ndani ya nyumba yake. "Akijua umesema, atakufanya kitoweo."

Fisi huyo alikuwa fundi wa kuloweka ngozi. Baraza la Wanyama halikumkataza kazi yake. Lilimwambia achimbe shimo, maji machafu yatulie humo kwanza, ndipo yaingie mtoni. Likamweka Korongo awe mpimaji. Kila mwezi unapoandama, Korongo asimame majini, yamfike magotini, atazame vidole vya mguu wake. Akiviona vyote vinne, kazi iendelee. Akikosa kimoja, Fisi aonywe. Asipoona hata kimoja, kazi ifungwe.

"Basi Korongo ataona tu," Mama Chura akajipa moyo.

Mwezi ukaandama, Korongo akaja. Sasa, Korongo alikuwa na adabu zake. Haingii kwa mtu bila kubisha.

"Hodi!"

"Ngoja nivae!" Fisi akajibu, na huku anaziba mfereji wa maji yake machafu kwa udongo.

"Hodi!"

"Ngoja nifagie!" Na huku maji mekundu yanakwenda zake, yanakuja mapya.

"Hodi!"

"Karibu, shemeji! Pita, pita!"

Korongo akasimama majini, akainamisha shingo. "Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Hongera, Fisi."

Mwezi wa pili vilevile. Nivae, nifagie, karibu shemeji. Vidole vinne, hongera. Usiku, gulugulu! Viluwiluwi saba wakafa.

Mama Chura akabaki anajiuliza. Maji ya Fisi yanajuaje kuoga Korongo akija? Na yale yaliyotoka kabla ya hodi, yako wapi?

Akaruka hadi kwenye mfereji wa Fisi, roho mkononi, akakuta udongo wa kuzibia umerundikwa kando. Akadondosha jani, akalifuata ukingoni huku akiimba wimbo wa kubembelezea wanawe. Akaimba mara moja, jani liko njiani. Akaimba mara ya pili, jani liko njiani. Akaimba mara ya tatu, jani likaingia dimbwini kwake.

"Ahaa! Kumbe maji nayo husafiri!"

Mwezi wa tatu akamvizia Korongo njiani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, usinitaje, nakuomba, nina wadogo, na Fisi ana meno, ila hodi yako, babu, hodi yako ndiyo inayomwambia azibe! Wewe bisha kama kawaida yako, hodi moja, halafu ruka, usingoje, njoo usimame kwangu kabla sijaimba mara tatu!"

Korongo akacheka. "Wewe wa majuzi unanifundisha kupima?"

"Sikufundishi, babu. Wanangu wamebaki thelathini."

Korongo akaacha kucheka.

"Hodi!"

"Ngoja nivae!"

Korongo akaruka puruu, akatua dimbwini kwa Mama Chura. Maji yakamfika magotini. Akainama. Akapangusa macho, akainama tena.

"Salaala! Vidole vyangu viko wapi?"

Hakuona hata kimoja. Akarudi kwa Fisi, safari hii bila hodi, akamkuta ana udongo hadi viwikoni.

"Karibu, shemeji. Hodi ya pili sikuisikia."

"Shimo la kutulizia maji liko wapi?"

"Lipo... litakuwepo."

"Nimeshapima kule chini, Fisi."

"Nani kakuambia upime chini? Nani?"

"Vidole vyangu," Korongo akajibu.

Kazi ikafungwa siku ileile. Fisi akachimba shimo kwa kucha zake mwenyewe, Baraza zima likimtazama, na hakuruhusiwa kuloweka hata kipande cha ngozi mpaka vidole vinne vilipoonekana dimbwini. Tangu hapo Korongo huanza kupima kwa wanaokunywa, tena bila taarifa. Hodi ni ya nyumba. Mto hauna mlango. Viluwiluwi thelathini wakaota miguu, wakawa vyura, wakapiga kelele mpaka Konokono akalalamika.

Basi wanangu, shikeni hili: sheria pekee haisafishi maji. Mpimaji anayetanguliza habari haoni, huonyeshwa. Ukitaka kujua hali ya mto, anza kwa anayeunywa, usianze kwa anayeuchafua.

Ngano yangu nimeianika, mwenye kuipenda aianue.

Lakini ngojeni kwanza. Fisi bado anazunguka huku na huku anauliza nani alisema. Ninyi mnamjua aliyesema?

– Tunamjua!

Mtamtaja?

– Hatumwambii mtu mwingine!