Nati Nne za Aidani Mbwilo

"Asiyerudia nati hurudia njia."

Mmeisikia asubuhi kwa dereva wa lori la viazi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilitoka wapi. Mmefika penyewe. Katika tarafa hii yote hakuna methali ambayo sijui ilizaliwa nyumba gani na nani aliikata kitovu. Hilo ni kweli kabisa, ingawa hii ndiyo pekee niliyowahi kuulizwa, na kipande chake cha katikati nimekumbushwa na jirani sasa hivi, mlipokuwa mnapangusa matope mlangoni.

Basi, methali hii ilianza hivi.

Hapa Ikuvala palikuwa na mtu aitwaye Aidani Mbwilo, mume wa Jenita. Alikuwa mtu mzuri. Hakupiga mke, hakunyima watoto, na shamba lake la viazi lilikuwa halina gugu. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilikaa mdomoni. Akisimulia jambo lolote lililofanyika vizuri nyumbani kwake, aliyelifanya alikuwa yeye.

Nyumba ile ilikuwa na gari dogo jeupe, la zamani, lililobeba kila kitu: watoto, mbolea, wagonjwa wa jirani, na maharusi wawili ambao sitawataja kwa kuwa mmoja wao yuko hapa anakunja uso. Mnaijua barabara yetu ya kushuka wilayani. Kiangazi ni vumbi, na gari lolote hupita. Masika yakianza, udongo ule mwekundu huwa kama sabuni iliyolowekwa. Kwa hiyo gari lile lilikuwa na seti mbili za magurudumu. Ya kiangazi yalikuwa na tairi laini. Ya masika yalikuwa na tairi za kashata, zile zenye meno mapana ya kung'ata matope, nayo yalilala miezi saba chini ya kitanda, yamefungwa kwenye magunia kama watoto wachanga.

Aliyeyafunga magurudumu hayo kila mwaka ni Jenita. Baba yake alikuwa dereva wa lori la ujenzi wa barabara, na mama yake, Bibi Tulawona, alizunguka na lori hilo miaka kumi na mmoja akipika kambini. Jenita alishika spana kabla hajashika mwiko. Ungemwona siku ya kubadilisha magurudumu ungeacha kazi yako utazame. Aliweka jiwe mbele ya gurudumu na jiwe nyuma. Alilegeza nati kidogo gari likiwa bado chini, ndipo akapiga jeki juu ya kipande cha ubao ili isizame. Akaipangusa ringi, akaingiza gurudumu, akakaza nati kwa kukingana: ya juu, kisha ya chini, ya kushoto, kisha ya kulia, wala hakwenda kwa kuzunguka kama mtu anayekoroga ugali. Akiinuka, gauni lake lilikuwa safi kuliko la mwalimu.

Lakini kazi haikuishia hapo. Aliliendesha gari mpaka kwenye mashine ya kusaga, kule kwenye kona, akalizima, akashuka na spana yake, akazikaza tena nati zote kumi na sita. Alisema ringi iliyolala muda mrefu hushika vumbi na kutu. Mara ya kwanza unakaza vumbi. Gari likitembea, vumbi linasagika, na nati inapata nafasi. Mara ya pili ndipo unakaza gurudumu.

Sasa, pale mashineni ndipo wanaume wanapongojea unga huku wakinywa ulanzi, na mwenye mashine, Obeti Fungo, alikuwa na ulimi kama wembe wa kinyozi. Kila masika alimwona Jenita ameinama barabarani na Aidani ameketi ndani ya gari. Siku moja akamuuliza Aidani kulikoni. Aidani akajibu kwamba magurudumu huyafunga yeye mwenyewe, tena hukaza mara moja tu, mkono wa mwanaume hauhitaji mara mbili. Huyu mama anarudia rudia ili kujifurahisha, naye humwacha, maana mwanamke akinyimwa kila kitu ataugua. Wakacheka. Aidani akanywa kibuyu cha pili akiwa amenyooka kama nguzo.

Mwaka ule Bibi Tulawona alikuwa kipofu karibu kabisa. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili, akawa anamjua mjukuu wake kwa kumpapasa masikio. Ikaja habari kwamba madaktari wa macho wangefika hospitali ya wilaya kwa siku mbili tu, kama wafanyavyo mara moja kwa mwaka, na siku ya pili wangefunga daftari la majina saa sita mchana. Atakayekosa angengoja gizani mwaka mzima. Na Bibi alikuwa na umri ambao mwaka mzima si kitu cha kukopesha.

Jenita akatangulia kwa miguu siku mbili kabla, akashike nafasi kwenye foleni. Mvua zilikuwa zimeanza usiku uliotangulia, na hakuwa na muda wa kuyafunga mwenyewe magurudumu ya masika. Kabla ya kuondoka alimkalisha mumewe akamwelekeza kila kitu, jiwe, ubao, kukingana, na mwisho akamshika mkono.

"Baba Oliva, mengine yote ukisahau nitakusamehe. Pale mashineni simama, urudie nati."

"Nitarudia. Mimi si mtoto."

Na msimcheke kabla ya wakati. Aidani aliyafunga magurudumu yale vizuri. Alitoka jasho, akajibana kidole, lakini aliyafunga, na alipomaliza alilizunguka gari mara tatu akilipiga mateke madogo ya mapenzi. Kumbe lile jambo alilojisifia miaka yote, analiweza. Alitamani pawe na mtu wa kumwona.

Asubuhi akamkalisha mama mkwe wake kiti cha nyuma, akamfunika blanketi, wakaanza kushuka ndani ya ukungu. Walipoikaribia kona, akawaona. Obeti na wenzake wanne, vibuyu mkononi, wamejipanga ukutani kama majaji. Mguu wa Aidani ukaenda kwenye breki. Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe kichwani, mkono wa mwanaume hauhitaji mara mbili, na mguu ukarudi ulikotoka. Akapiga honi, akapunga mkono, akapita.

"Hapa si mashineni?" Bibi akauliza. "Nimesikia mkanda wa mashine."

"Ni penyewe, mama."

"Mbona hatujasimama?"

"Nimezikaza zote mara mbili nyumbani, mama. Nimeona nisikucheleweshe."

Kipofu aliyeishi na lori miaka kumi na mmoja haamini maneno, anasikiliza chuma. Hawajafika mbali akasema gurudumu la nyuma kushoto linaongea. Aidani akasema ni kokoto. Bibi akasema kokoto haitamki neno lilelile kila mzunguko. Aidani akaongeza sauti ya redio.

Kwenye mpando mfupi, gari likiwa linatambaa kama konokono, upande wa nyuma ukaketi chini. Gurudumu likawapita, taratibu, halina haraka, likajilaza mtaroni. Ndugu zangu, kuna aibu nyingi duniani, lakini kupitwa na gurudumu lako mwenyewe ni ya peke yake.

Hakuna aliyeumia, na ule udongo laini uliolipokea gari haukuvunja kitu. Lakini nati zote nne zilikuwa zimedondoka, ipi wapi hakuna ajuaye. Aidani akashuka, akashika kichwa. Akamwambia Bibi angoje, yeye arudi nyuma kuzitafuta barabarani. Ilikuwa inakwenda saa nne.

"Mkwe wangu, kila gurudumu lililobaki lina nati ngapi?"

"Nne, mama."

"Chukua moja moja. Kila gurudumu litoe sadaka. Utapata tatu, nayo matatu yale yatabaki na tatu tatu. Tukienda polepole tutafika. Nati zilizoanguka hazina miguu, zitatungoja. Madaktari hawatungoji."

Aidani alimtazama yule kikongwe ndani ya blanketi, macho meupe kama maziwa. Akachimba matope kwa mikono, akaweka ubao, akapiga jeki. Bibi aliomba ashushwe. Akapiga magoti kwenye tope lile, akazipapasa skrubu nne kwa ncha za vidole, moja baada ya nyingine, akisikiliza kama uzi wake umeharibika. Akasema ziko salama. Aidani alipokaza, Bibi aliweka kiganja juu ya ringi, akamwambia bado, bado kidogo, haya inatosha. Na baada ya mwendo wa kilomita mbili alimsimamisha, bila kumwuliza kama anataka, wakarudia zote kumi na mbili.

Walipoliona paa la hospitali, Aidani akaondoa mguu kwenye mafuta.

"Mama, nakuomba. Jambo hili Mama Oliva asilisikie kwako. Nitamwambia mimi mwenyewe."

"Utamwambia?"

"Kabla hatujafika nyumbani."

"Basi mimi sijaona kitu," alisema Bibi. "Na nani atabisha?"

Saa sita kasoro dakika tano Jenita alikuwa amesimama mlangoni pa wodi akiwa amekwisha wapisha watu kumi na wanne, mmoja mmoja, ili jina la mama yake lisipitwe. Alipowaona hakuuliza kwa nini wamechelewa. Alimbeba mama yake mgongoni, matope na yote, akaingia naye. Swali alilouliza baadaye lilikuwa moja tu.

"Ulirudia nati pale mashineni?"

"Nilirudia," Aidani akasema. Matope yalikuwa yamefunika ringi zote, huwezi kujua kama nati ni tatu au nne.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Bibi Tulawona akafumba, akafumbua, akautazama mkono wake, akautazama ukuta, akamtazama Jenita muda mrefu machozi yakimtoka, kisha akasema, "Mwanangu, umezeeka hivi na hukunitaarifu?" Wodi nzima ikacheka. Aidani naye alicheka, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye nati. Alikuwa ameshapita madukani kwa siri, na uzi wa nati za gari lile la zamani ulikuwa wa aina yake. Kila aliyopewa haikuingia. Na Jumamosi ndiyo siku Jenita huosha magurudumu. Ilikuwa Ijumaa.

Wakarudi. Kila kilomita Aidani alifungua mdomo aseme, na kila kilomita akaufunga. Bibi, kiti cha nyuma, alitazama miti, mbuzi, mawingu. Walipokwisha kuupita mpando ule, Aidani akasimamisha gari, akasema anakwenda haja ndogo. Akashuka, akaanza kutembea barabarani polepole, kichwa chini, akipekua matope kwa ncha ya kiatu, mpaka akakaribia mashineni. Obeti Fungo akamwona.

"Mbwilo, umepoteza nini?"

Angeweza kusema chochote. Akatia mkono mfukoni, akaivua humo pete ya ndoa kwa ujanja ambao hata mimi naustahi, akainua kidole kitupu.

"Pete yangu ya ndoa. Imenidondoka jana nilipokuwa napita."

Wanaume wakaweka vibuyu chini. Pete ya ndoa si mchezo. Walijipanga mstari barabarani kama watu wanaopalilia, na Obeti mwenyewe akapiga magoti. Jenita akashuka kwenye gari kuuliza kuna nini. Alipoambiwa, akafunga kanga kiunoni na kuingia kwenye matope. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hakujua kama pete ile ina thamani hivyo kwa Baba Oliva. Aidani akatamani ardhi imfungukie, lakini ardhi yetu wakati wa masika hufungukia magari tu.

Ndipo Bibi Tulawona akashuka. Alikuwa na jicho moja tu lililofunguliwa, la siku moja tu, lenye njaa ya kuona kila kitu. Akatembea kando ya mtaro, akitazama na kutabasamu kama msichana. Akainama, akaokota kitu, akakifuta kwa pindo la blanketi, akakinyanyua kwenye mwanga mbele ya watu wote.

"Mkwe wangu, pete yako hii hapa."

Obeti akaipokea. Akaigeuza, akaitazama, akamtazama Aidani.

"Mbwilo, mlifungishwa ndoa na fundi gani? Pete hii ina pembe sita."

Hakuna aliyecheka, maana Jenita alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaipima nati kiganjani, akaujua uzito wake kama mtu anavyomjua mtoto wake. Akaenda kwenye gari, akainama, akapangusa tope kwenye gurudumu la kwanza kwa kidole. Akahesabu. Akaenda la pili, akahesabu. Hakulifikia la tatu.

"Baba Oliva," alisema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Uliniambia ulirudia."

Aidani alifungua mdomo. Mdomo ule uliokuwa haukosi neno ukabaki wazi, pete ya kweli ikimchoma mfukoni.

"Zimebaki tatu, mkwe wangu," Bibi Tulawona akasema kwa upole, akimwonyesha barabara yote iliyobaki. "Anza pale ulipoachia. Asiyerudia nati hurudia njia."