Nguchiro na Bei ya Kunong'onezwa

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na simu mkononi na kazi hawana, aliyeuza intaneti alikuwa mmoja tu: Bwana Kiboko. Mnara wake ulisimama juu ya kichuguu. Dukani kwake kulikuwa na kila kitu isipokuwa bei ukutani. Ukiingia, anakuinamia sikioni, anakutajia idadi ya maboga ya kulipia bando la wiki, kisha: "Nimekupunguzia wewe tu. Usimwambie mtu, sawa?"

Nguchiro, mwenye digrii iliyolala kwenye bahasha mwaka wa tatu, aliambiwa kumi na mawili. Alikuwa na manne. Na maombi ya kazi ya ukarani wa ghala yalikuwa yanafungwa jioni ile ile.

"Mama Kanga, wewe unalipa mangapi?"

"Mh! Siri hiyo, mwanangu. Mimi nimependelewa."

Kila aliyemuuliza alijibu hivyo hivyo, tena kwa tabasamu.

"So wote tumependelewa?" Nguchiro akawaza. "Kijiji kizima? Seriously?"

Akachuma pamba, akajiziba masikio, akarudi dukani foleni ilipofika barabarani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko! Bando la wiki bei gani?"

"Pspspsps."

"Eeh? Ongeza sauti, bosi, masikio yameziba!"

"Pspspsps!"

"Sipati kitu! Basi niandikie hapo ukutani."

"Ukutani? Thubutu!" Foleni ilishaanza kuguna. Kiboko akapandwa na hasira, akajisahau. "MABOGA KUMI NA MAWILIII!"

Vumbi likadondoka darini, pu!

"Kumi na mawili?" Mama Kanga akaruka. "Mbona mimi ishirini? Na ukaniapisha!"

Nyati, tajiri wa bondeni, akaangua kicheko. "Hoo hoo! Poleni, washamba! Mimi rafiki yake nalipa matatu. Na mwenyewe kaniambia hata hapo faida anapata!"

"Nyati, funga mdomo!"

Nguchiro akachomoa pamba. "Aa, sasa nasikia vizuri." Akaokota mkaa, akaandika ukutani: BANDO LA WIKI, MABOGA MATATU, KILA MTU.

"Futa!"

"Futa mwenyewe," akasema Mama Kanga, akajitwika kikapu chake cha maboga na kuondoka. Foleni nzima ikamfuata.

Kiboko akayatazama maboga yanavyotokomea. "Haya, rudini," akasema. "Ibaki."

Nguchiro akalipa matatu, akatuma maombi zikiwa zimebaki dakika tano. Kazi hakupata, ilishakuwa ya mpwa wa Nyati tangu asubuhi. Lakini boga la nne alilipika akalila, na yale maandishi ya mkaa yangalipo ukutani.

Shikeni hili, wadogo zangu: bei ikifichwa, anayeilipia siri ni mnunuzi.