Sungura na Koo za Nzi wa Majipu

Jua lilikausha mto mzima ukabaki mchanga mtupu. Mahali pamoja tu, kwenye kona chini ya mtini, palibaki unyevu. Kila mnyama alilala hapo kwa ubavu, akafukua taratibu mpaka maji yakachuruzika, akanywa, kisha akaondoka kumpisha mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Simba alitangulia kwa sababu ni Simba. Fisi alikuja mara mbili kwa sababu ni Fisi. Mama Digidigi alikuwa na mtoto anayenyonya, na maziwa yake yote yalitegemea maji ya pale. Mungu aliwabakishia kidogo, na hicho kidogo kiliwatosha.

Sungura peke yake hakutosheka. Kiu yake haikuzidi ya wengine. Alichoshindwa ni kungoja zamu. "Nikiipata kona hii iwe yangu," akawaza, "hata Simba ataniomba kwa adabu."

Akaenda kwenye zizi la zamani lililohamwa, akamkuta Bi Nzi, mnene, wa manjano kama samli. Huyu ni mmoja wa wale nzi wa majipu. Hutaga mayai kwenye mchanga wenye unyevu, na mabuu wakishaanguliwa hungoja mnyama alale, wakampenya ngozi, wakakua humo ndani ya jipu.

"Shikamoo, shangazi," Sungura akasema.

"Marahaba. Ukiniamkia vizuri hivyo, basi kuna mtu anaibiwa."

"Ah, mimi nimekuletea neema. Nina mchanga mbichi, na wageni wanalala hapo kutwa. Simba, Fisi, Digidigi. Njoo utage."

"Ngoja nikueleze, mwanangu. Wewe unatuona sote mmoja, lakini tuko koo nyingi, na kila ukoo una mnyama wake. Wanangu mimi hawakui ila kwa fisi. Dada yangu wa simba ana mstari mweusi mgongoni. Wa digidigi ana macho mekundu. Halafu kuna yule mdogo wa kijivu, ambaye yeye..."

"Shangazi, nzi ni nzi. Waite wote."

"Wote?"

"Ukoo kwa ukoo. Mimi nakuambia kuna karamu, wewe unaniuliza nani kavaa nini."

Bi Nzi akasugua miguu yake ya mbele. "Haya. Usije ukasema sikutaka kukuambia."

Haukupita muda, majipu yakaanza. Fisi alivimba shingoni. Mama Digidigi alivimba pajani. Simba alivimba kwenye kitako, na kwa kuwa mfalme haumwi kitako, alitangaza kwamba siku hizi anapenda kusimama, anaona mbali zaidi.

Sungura akaja na jani mdomoni, uso umejaa huruma. "Poleni, ndugu zangu. Kona hii imeingiliwa na kitu kibaya. Dawa ninayo mimi tu. Niachieni niisafishe."

"Utaisafisha hadi lini?" Mama Digidigi akauliza. "Mtoto wangu ananyonya ngozi tupu."

"Dawa haiharakishwi, mama."

Wakaondoka, wakapanda kwenye ukingo mkavu. Sungura akajinyoosha mchangani, akafukua, akanywa, akalala chali, akageuka akalala kifudifudi. Katika wale aliotajiwa na Bi Nzi hakusikia jina lake, basi akajiona salama.

Jipu la kwanza lilimtokea kiunoni. Mengine yakafuata jirani, pale pale ambapo meno hayafiki wala mguu haukuni. Hakuweza kulala, na asiyelala hafukui, na asiyefukua hanywi. Akawa amesimama juu ya maji huku ulimi umemkauka. Mwisho akapanda ukingoni, anatembea upande upande kama kaa.

Huko juu wenzake walikuwa wanatibiana: unalipaka jipu mafuta, buu anakosa hewa, anachungulia nje, mwenzio anakukamua. Bonge la mafuta lilikuwa kwa Fisi.

"Karibu, daktari," Fisi akasema. "Keti."

"Asante, nitasimama tu."

"Mzee Simba naye anapenda kusimama," akasema Mama Digidigi. Simba akakohoa, akatazama mbali.

"Nilijikwaa tu kwenye jiwe," Sungura akasema. "Nipakeni mafuta kidogo hapa nyuma."

"Jiwe lenye tundu la kupumulia?" Fisi akauliza, akiinama kuchungulia.

Hapo Bi Nzi akatua kwenye sikio la Sungura. "Mwanangu, yule dada yetu mdogo wa kijivu anakushukuru. Anasema ulialika koo zote, naye hana mnyama mwingine ila sungura. Watoto wamenona."

Sungura akafungua mdomo atunge uongo mwingine, buu mmoja akajigeuza kiunoni, uongo ukamtoka kichwani.

"Ni mimi," akasema. "Niliwaita mimi. Nilitaka maji yawe yangu. Mama Digidigi, nimemkosea mtoto wako. Nisameheni, halafu nikamueni."

Mama Digidigi akamtazama mwanawe aliyelala na midomo mikavu. "Nimekusamehe," akasema. "Fisi, lete mafuta."

Fisi akalamba midomo. "Mafuta gani?"

Bonge lote alikwisha kulimeza. Basi Sungura alikamuliwa bila mafuta, na Mama Digidigi hakuwa na haraka. Baadaye Sungura mwenyewe ndiye aliyekwangua mchanga wote mchafu na kuuanika juani hadi ukakauka kabisa, kisha akawa wa mwisho kwenye zamu, nyuma hata ya mara ya pili ya Fisi. Mama Digidigi na mwanawe walikunywa wa kwanza, kwani Simba aliwapisha ili abaki nyuma akamuliwe jipu lake bila kuonekana.

Hadi leo sungura hulala kwenye nyasi kavu. Nawe ukitaka kumwitia mwenzio balaa, uliza kwanza kama halina ndugu anayekujua wewe; na anayekujibu, mwache amalize kusema.