Nani Amlee Yatima wa Tausi

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ile ya televisheni zenye kisogo kirefu, palikuwa na mji uitwao Mwachanda. Katika mji huo kila sebule ilikuwa na kompyuta ndogo iitwayo Tausi. Uliichomeka kwenye televisheni, ukaipa kaseti kama hizi za nyimbo, ikalia kidogo kama jogoo mwenye mafua, kisha mchezo ukatokea. Watoto walicheza, baba zao wakawapokonya wakacheza wao, na chakula kikapoa.

Mji huo ulikuwa na desturi yake. Mbwa wako akimuua kuku wa jirani mwenye vifaranga, hulipi kuku. Unachukua vifaranga kwako, unavilea mpaka viote manyoya. Na kama mwenye mbwa hajulikani, majirani hukaa uwanjani kuuzunguka mkeka. Mwenye dai hushika kifaranga mkononi, husema neno lake, kisha humkabidhi anayemtuhumu. Naye akiwa na jibu hulisema, akamkabidhi mwingine. Asiye na jibu huondoka nacho.

Huko ndiko alikoishi Siwatu, mwandishi wa michezo ya kompyuta. Alimfanyia kazi Bwana Fakihi, mwenye kampuni pekee iliyotoa michezo ya Tausi. Kazini aliandika alichoagizwa. Akirudi nyumbani, mtoto mgongoni, aliandika wake mwenyewe. Aliuita Kombeo. Ndani yake msichana analinda shamba la mpunga, anafukuza ndege kwa kombeo. Ukizoea kurusha upande mmoja, ndege wanakusoma, wanakuja kwa upande wa pili. Kumbukumbu ya Tausi ilikuwa ndogo kama kibaba, na Siwatu alikijaza kibaba kile mpaka punje ya mwisho. Alipoanza, mtoto wake alikuwa anatambaa. Alipomaliza, mtoto alikuwa anauliza kwa nini mwezi unatufuata.

Akaupeleka kwa Bwana Fakihi. Bwana Fakihi hakuutia hata kwenye mashine.

"Siwatu, Tausi imekufa. Sasa tunatoa michezo ya Radi tu."

Radi ilikuwa kompyuta mpya, kubwa, na yenye rangi nyingi.

"Imekufa kwa ugonjwa gani?" Siwatu akauliza. "Asubuhi nimeiacha kwangu inapumua."

"Imekufa sokoni, mama."

"Basi niuandike upya, uwe wa Radi."

Bwana Fakihi akacheka. "Watu wa Radi wanataka magari na bunduki. Nani atake kufukuza ndege?"

Siwatu alikuwa mtu wa maneno machache. Hata salamu aliitoa akitazama chini. Siku ile hasira ilimpanda kifuani, ikafika kooni, na kichwa kikainuka chenyewe.

"Kilichouawa kina aliyekiua," alisema. "Na aliyekiua ana yatima wa kulea. Tutakutana uwanjani."

"Mashine si kuku, Siwatu."

"Na mimi si mbwa, Bwana Fakihi, wa kufukuzwa mlangoni kwa kicheko."

Watu wakaja uwanjani, wengi wao wapate kucheka. Akaja Bwana Fakihi na kanzu iliyopigwa pasi. Akaja Makame, fundi cherehani, kuwasemea wachezaji. Akaja Bwana Shaali, mwenye kiwanda kilichotengeneza Tausi. Siwatu akamketisha mwanawe ukingoni, akasimama katikati na kaseti yake mkononi.

"Bwana Fakihi, ghorofa yako imejengwa na Tausi. Kanzu hiyo umevishwa na Tausi. Ilipougua hukuipelekea hata uji, ulikaa kitandani kwake ukingoja ikate roho. Tena haijakata. Imo katika kila sebule ya watu hawa. Wewe ndiye uliyefunga mlango. Mlee yatima wake."

Akamkabidhi. Bwana Fakihi akaishika kaseti kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Mimi ni mfanyabiashara, sitoi sadaka. Mchezo wangu wa mwisho wa Tausi umerudi ghalani kwa makasha, hakuna mnunuzi. Lakini pita mitaani jioni. Mchezo uleule unalia nyumba kwa nyumba. Watu wa Mwachanda hawanunui, wanarekodi. Mmoja ananunua, anaichukua redio ya kaseti mbili, na mtaa mzima unakula. Makame, harusi ya mpwa wako ulimtunza bibi harusi nini?"

Watu wakaanza kuguna kwa kicheko.

"Sema, fundi. Ulimtunza kaseti za kurekodi, tena umezifunga utepe mwekundu. Mwizi ndiye muuaji. Shika."

Makame akaishika bila haya.

"Nimerekodi, sikatai. Lakini niulizeni nilianza lini. Nilikuwa nanunua kila kilichotoka, mpaka mke wangu akaninunia. Kisha huyu bwana mkubwa akaanza kutuletea michezo ya Radi iliyokatwakatwa na kushindiliwa ndani ya Tausi. Gari halina sauti. Mpira unapita tumboni mwa kipa, unatokea mgongoni. Bei ileile. Nikanunua wa kwanza. Nikanunua wa pili, nikasema labda bahati mbaya. Jamani, mimi nikikuuzia kanzu isiyo na mikono, utarudi dukani kwangu?"

"Haturudi," watu wakaitika.

"Nami sikurudi. Sasa, kanzu ile aliishona nani? Jina liko nyuma ya jalada. Limeandikwa Siwatu."

Akamrudishia kaseti. Siwatu akahisi masikio yanawaka, na mara hii hakujua kama ni hasira au ni aibu. Akachagua hasira.

"Nilishona kwa kitambaa nilichopewa. Niliomba mwezi, nikapewa wiki. Nilisema mchezo hauna sauti, nikajibiwa watu wa Tausi hawana masikio. Ningekataa, mwanangu angekula nini, Makame? Ungemletea kaseti ya kurekodi atafune?"

Akaugeukia uwanja.

"Na niwaambie kwa nini tulikatakata vya Radi. Bwana Shaali aliitengeneza Radi, akaifanya isisome kaseti hata moja ya Tausi. Mwandishi hawezi tena kuandika mchezo mmoja ukaenda kote kuwili. Umeoa mke wa pili, Bwana Shaali. Hakuna anayekulaumu. Lakini wa kwanza umemfungia jikoni, na kuni umeondoka nazo. Shika."

Bwana Shaali akakohoa.

"Tausi ilikuwa imezeeka, binti yangu. Ningebaki nayo, angekuja mgeni na mashine yake akatumaliza sote. Hilo ulitaka? Nami nilitangaza mbele za watu, kwamba nitaendelea kuitengeneza maadamu michezo inatoka. Nikasikia Fakihi hatoi tena. Ndipo nikazima mitambo."

Akampa Fakihi.

"Mimi niliacha kwa sababu nilisikia umezima mitambo," Fakihi akasema. "Nilisikia kwa wateja."

Akampa Makame.

"Sisi wateja tulisikia dukani kwako. Karani wako ndiye aliyetuambia tusihangaike, Tausi inakufa. Ndipo tukafunga mifuko."

"Karani alisikia kwa watu wa Shaali."

"Watu wangu walisikia kwako."

"Kwangu lini?"

Kaseti ikaanza kuruka kutoka mkono kwa mkono, na hakuna aliyesubiri tena kumaliza neno. Mmoja alisukuma, mwingine akasukumiwa, kidole cha mtu kikanasa, na utepe mweusi ukachomoka. Ukaning'inia mpaka mchangani. Bwana Fakihi aliukanyaga bila kuuona, kwa sababu alikuwa anamnyooshea Shaali kidole.

Siwatu akainama, akamsukuma Bwana Fakihi mguu. Akaupangusa utepe kwa ncha ya khanga yake. Akatia kidole kidogo katika tundu la kaseti, akaurudisha ndani, pole pole, huku juu ya kichwa chake wanaume watatu wakipigiana kelele. Utepe ulipoingia wote, akasimama.

"Mnajua kurushiana," alisema. "Tangu mmefika, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mchezo huu unachezwaje."

Akaiinua kaseti, wote waione.

"Nikiondoka nao, nimekiri kwamba nimeiua mimi. Sitakiri. Nilishona vibaya, ni kweli, lakini sikuwa peke yangu chumbani."

Akaiweka kaseti juu ya mkeka, katikati yao. Akaenda kukaa ukingoni, akampakata mwanawe.

Na desturi ya Mwachanda inasema hakuna anayeondoka uwanjani kabla kifaranga hakijainuliwa. Jua likawapiga. Fakihi akamtazama Shaali. Shaali akamtazama Makame. Makame akamtazama mtoto wa Siwatu, akageuza uso upesi.

Basi wewe uliyesikiliza mpaka hapa, usinitazame mimi, nami nimekaa kama wewe. Fakihi alifunga mlango. Makame alirekodi. Shaali aliondoka na kuni. Siwatu alishona kanzu isiyo na mikono akaitia jina lake. Na kaseti iko palepale juani, na kaseti haipendi jua.

Je, nani aliiua Tausi, na nani ainame aiokote?